Kutoka Organaiza ya Zamani Hadi Simujanja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye organaiza, yaani kompyuta ndogo ya mfukoni ya zamani kama Palm, Handspring, Sony Clié, Pocket PC au Psion, iliyojaa namba za watu, miadi na madokezo ya miaka mingi, ambaye sasa anataka vyote viwe kwenye simu ya Android au iPhone. Tumechukulia kwamba una kompyuta ya kukaa katikati. Bila kompyuta baadhi ya mambo yanawezekana, lakini hiyo ni njia ya dharura.

Nianzie wapi?

Anza kwa kunakili kila kitu kilichomo kwenye organaiza, kama kilivyo, kabla hujafikiria simu ya aina gani. Simu inaweza kusubiri. Organaiza ya umri huo haina subira: betri imechoka, waya wake ni wa tundu lisilotengenezwa tena, na kuna aina ambazo zikiishiwa chaji hufuta kila kitu.

Hakuna programu ya leo inayoiunganisha Palm na simu moja kwa moja ikamaliza kazi yote. Utapita hatua tatu. Kwanza unatoa faili ghafi na kuzihifadhi mahali pawili. Pili unazigeuza ziwe faili ambazo kila mfumo unazielewa: .vcf kwa majina na namba, .ics kwa kalenda, .txt kwa madokezo. Tatu unaziingiza kwenye simu. Kinachowakwaza watu wengi ni kuruka hatua ya kwanza, kisha jambo likiharibika kwenye ya tatu hakuna pa kurudia.

Organaiza imekaa kabatini miaka, haiwaki. Vilivyomo bado vipo?

Inategemea kumbukumbu yake ni ya aina gani. Palm nyingi za kabla ya mwishoni mwa 2004 zilitunza kila kitu kwenye RAM, na RAM huishi kwa umeme. Betri ikiisha kabisa, imekwisha nayo. Tungsten T5 na Treo 650 za mwaka 2004 zilileta kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, na Tungsten E2, TX, Z22 na Centro zilifuata njia hiyo. Kwa hiyo TX iliyokufa chaji ichaji tu, kuna matumaini makubwa. Palm V iliyolala miaka kumi ikiwaka itakukaribisha kwa skrini ya kupanga kalamu kama imetoka kiwandani leo.

Kwa Pocket PC mpaka ni mfumo wa Windows Mobile 5, uliotoka 2005. Za kabla yake hupoteza, za kuanzia hapo hubakiza.

Ikiwa vimefutika kwenye mashine, usikate tamaa. Itafute kompyuta uliyokuwa ukifanyia HotSync (kusawazisha Palm na kompyuta), au diski yake hata ikiwa imetolewa. Kwenye Windows za zamani angalia ndani ya C:\Program Files folda ya Palm, palmOne au Handspring. Kwa Palm Desktop 6.2 (programu ya Palm ya kwenye kompyuta) angalia Documents\Palm OS Desktop. Ndani yake kuna folda yenye jina lako limefupishwa, na humo mna address, datebook, memopad na todo, kila moja na faili yake (kwa matoleo ya zamani ni .dat). Kwenye Mac ni Documents/Palm/Users. Nakili folda nzima, usichague.

Tazama pia memori kadi kama mashine yako ilikuwa na pa kuiweka. Wengi waliweka bekapu pale wakasahau.

Palm yangu inatumia betri za AAA na zinakaribia kuisha. Nikizitoa nitapoteza?

Hapana, ukifanya haraka. Zima mashine, weka betri mpya mbili mezani, toa za zamani na uweke mpya ndani ya dakika moja. Kuna kapasita ndogo inayoshikilia umeme kwa muda huo. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma vya betri, nakili kwanza ikiwa mashine bado inawaka, ndipo usafishe kwa kijiti cha pamba chenye spiriti.

Psion Series 5 ina betri mbili za AA pamoja na ndogo ya akiba, CR2032. Zote zinaweza kubadilishwa, ila kamwe usizitoe kwa wakati mmoja.

Nimechomeka waya wa USB, kompyuta haioni kitu. Waya mbovu?

Huenda si mbovu. Palm haijitangazi kwenye USB mpaka ubonyeze kitufe cha HotSync. Kabla ya hapo kompyuta huona tundu tupu. Ukibonyeza hujitokeza, na ikikosa programu ya kuzungumza nayo hujiondoa tena baada ya muda mfupi. Ndiyo maana ukiitafuta kwenye Device Manager (orodha ya vifaa ya Windows) kwa utulivu huipati. Fungua dirisha kwanza, kisha bonyeza.

Kwenye Windows kikwazo cha pili ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa. Zile za Palm zilikuwa za Windows ya biti 32, na kompyuta za leo ni biti 64. Kampuni ya Aceeca, iliyoendelea kutengeneza mashine za Palm OS, ilitoa draiva ya biti 64 ambayo Palm nyingi za USB huikubali. Utaratibu ni huu:

1. Nakili folda yoyote ya zamani ya Palm Desktop mahali pengine.
2. Sakinisha Palm Desktop 6.2.2 kwa haki za msimamizi, na hakikisha HotSync Manager inaonekana karibu na saa ya Windows.
3. Fungua Device Manager, bonyeza HotSync, na kifaa kisichotambulika kikitokea chagua kusasisha draiva kwa kuielekeza kwenye folda ya Aceeca.
4. Bonyeza HotSync tena. Mara ya kwanza hushindwa mara nyingi kwa sababu kifaa kimejiondoa wakati draiva inawekwa. Rudia.

Kwenye Linux njia ni fupi zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo ya kuaminika kuliko zote kwa kuwa haibadilishi chochote kwenye Palm. Sakinisha pilot-link, programu ya kuzungumza na Palm, kisha andika kwenye terminal:

pilot-xfer -p usb: -b nakala-palm

Ikikuandikia kwamba inasubiri, bonyeza HotSync. Folda ya nakala-palm itajaa faili za .pdb na .prc. Ikikataa, moduli ya kernel (kipande cha mfumo wa Linux) iitwayo visor ndiyo mshukiwa wa kwanza: inakikamata kifaa kabla ya pilot-link. Iondoe kwa sudo modprobe -r visor ujaribu upya.

Mac ni shida. Palm Desktop ya mwisho ya Mac iliandikwa kwa prosesa za PowerPC, na Rosetta iliyokuwa ikiitafsiri iliondolewa kwenye Mac OS X 10.7 mwaka 2011. Mwenye Mac mpya atumie kompyuta ya Linux ya kuazima au mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta yako).

Kwa mashine pepe yoyote, weka sharti la USB mapema kwa namba ya mtengenezaji (0830 ni Palm, 082d Handspring, 054c Sony) ili kifaa kikijitokeza kipelekwe humo chenyewe. Ukisubiri kukichagua kwa mkono kitakuwa kimeshaondoka.

Yangu ina kitako cha tundu la siriali la pini tisa.

Tumia adapta ya USB kwenda siriali. Zenye chipu ya FTDI husumbua kidogo kuliko nyingine. Kwenye HotSync Manager chagua namba ya COM ambayo Windows imeipa adapta, na ushushe kasi. Iliyowekwa "As fast as possible" hukatika katikati mara nyingi. 57,600 hutosha, maana mashine nzima ina megabaiti chache tu.

HotSync imenigomea kabisa. Kuna njia nyingine?

Kama ina nafasi ya memori kadi, ndiyo, na wakati mwingine ndiyo njia rahisi kuliko zote. Programu za Palm kama NVBackup au BackupMan hunakili kumbukumbu nzima kwenye kadi. Ukishatoa kadi uiweke kwenye kisomakadi cha kompyuta, unapata .pdb zile zile ambazo HotSync ingekupa.

Mtego uko kwenye kadi yenyewe. Palm nyingi zinasoma SD ya kawaida, si SDHC, kwa hiyo kadi ya GB 4 na kuendelea mara nyingi haitambuliki hata ukiigeuza muundo. Tafuta ya GB 2 au chini, na kwa Tungsten E usizidi GB 1. Ipange (format) kwa FAT16, inayoandikwa FAT tu kwenye Windows.

Njia ya pili ni Bluetooth kwa Palm zilizo nayo. Kwenye orodha ya majina kuna amri ya kutuma kategoria nzima. Simu ya Android huipokea kama faili ya .vcf. iPhone haipokei faili kwa Bluetooth ya namna hiyo, usipoteze muda nayo. Oanisha kwanza, na ukiulizwa namba ya siri andika namba moja fupi pande zote mbili.

Nilifanya HotSync na mashine ikafutika, au kompyuta ikafutika. Kwa nini?

Kila aina ya taarifa ina mpangilio wake kwenye menyu ya Custom ya HotSync Manager: kusawazisha pande zote mbili, kompyuta kuifunika organaiza, au organaiza kuifunika kompyuta. Mashine iliyofutika kwa kukosa betri, ikikutana na mpangilio wa organaiza kuifunika kompyuta, inakwenda kufuta na kile kilichosalia. Kabla ya HotSync yoyote ya baada ya miaka mingi, fungua Custom uangalie mistari yote, na uwe umeshanakili folda. Kunakili folda huchukua sekunde chache.

Nimepata faili za .pdb. Nizifungue na nini?

J-Pilot. Ni programu ya bure ya Linux inayofanana na Palm Desktop, na ina faida moja kubwa: haihitaji organaiza iwepo. Ifungue mara moja ili itengeneze folda ya .jpilot nyumbani kwako, ifunge, weka humo AddressDB.pdb, DatebookDB.pdb, MemoDB.pdb na ToDoDB.pdb, uifungue tena. Kila kitu kitaonekana.

Palm za baadaye zilikuwa na programu mpya zenye majina mengine: ContactsDB-PAdd, CalendarDB-PDat, MemosDB-PMem na TasksDB-PTod. J-Pilot ina mpangilio wa kuchagua kati ya muundo wa zamani na mpya. Ukiona orodha tupu wakati faili ina ukubwa wa kutosha, hapo ndipo pa kugusa kwanza.

Faili za .dat za Palm Desktop hazifunguki kwa J-Pilot. Hizo zifungue kwa Palm Desktop yenyewe, hata ndani ya Windows XP pepe, kisha utoe kutoka pale.

Majina na namba: nitumie CSV au vCard?

vCard, yaani faili ya .vcf, isipokuwa uwe na sababu ya kutumia CSV, ambayo ni jedwali la maandishi matupu.

Programu ya zamani ya Address ya Palm ilikuwa na nafasi tano tu za mawasiliano kwa kila mtu, na kila nafasi ungeipa lebo unayotaka: kazini, nyumbani, faksi, mkononi, hata barua pepe. Maana yake barua pepe inakaa miongoni mwa namba za simu, na mtu mmoja anaweza kuwa na namba mbili zenye lebo ile ile. Kwenye CSV haya huchanganyika au moja humezwa. vCard hubeba kila namba na lebo yake.

Kinachopotea kwa vCard ni zile sehemu nne za Custom, za kujazia unachotaka. Kama ulizitumia kwa jambo la maana, kwa mfano namba za uanachama, toa pia CSV kutoka J-Pilot ili uwe nazo pembeni, au zihamishie kwenye dokezo la mtu husika kabla ya kutoa.

Kategoria nazo hazifiki salama kila mara. Dawa ni kutoa kategoria moja moja: kwenye Palm Desktop chagua kategoria, chagua wote walioonekana, nenda File, Export, na uchague rekodi zilizochaguliwa tu. Utapata familia.vcf, kazi.vcf na kadhalika, na kila faili ukiiingiza utaipa lebo yake upya. Palm ina kategoria 16 tu, kwa hiyo si kazi ya siku nzima.

J-Pilot ina chaguo la vCard iliyorekebishwa kwa ajili ya Gmail na Android. Litumie hilo ikiwa ndiko uendako.

Na kuingiza kwenye simu?

Kwa Android, fungua contacts.google.com kwenye kivinjari cha kompyuta, chagua Import, kisha chagua faili. Kikomo ni majina 3,000 kwa mara moja. Google huwapa walioingia lebo yenye tarehe ya siku hiyo, na hiyo ndiyo kamba ya kuwavutia nje wakija vibaya: chagua lebo, futa wote, rekebisha faili, ingiza tena.

Kwa iPhone tumia iCloud.com upande wa Contacts, au jitumie .vcf, uifungue kwenye simu na ukubali kuongeza wote.

Jaribu na majina matano kwanza. Chagua wakorofi: mwenye namba nyingi, mwenye dokezo refu la mistari kadhaa, mwenye jina la herufi zenye alama, kampuni isiyo na jina la mtu, na mwenye namba ya nje ya nchi. Hao watano wakifika wazima, wengine watafika.

Namba zangu zimegeuka kuwa 4.47E+11, nyingine zimepoteza sifuri ya mbele.

Ulifungua CSV kwa programu ya majedwali ikadhani ni hesabu. Usiihifadhi. Funga, fungua upya kwa LibreOffice Calc, na kwenye dirisha la kuingiza bonyeza kila safu yenye namba za simu uiweke kuwa Text. Ukishahifadhi faili ikiwa imeharibika, tarakimu zilizokatwa hazirudi. Rudi kwenye nakala ghafi.

Ukiwa hapo hapo, zipe namba zote alama ya + na msimbo wa nchi. Simu itakubali za sifuri, lakini programu za ujumbe zinazotambua watu kwa namba hufanya kazi vizuri zaidi na namba kamili.

Herufi zenye alama zimekuwa visanduku vyenye alama ya kuuliza.

Palm iliandika kwa usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi kama namba) wa Windows-1252 na simu zinategemea UTF-8. Maneno ya Kiswahili hayataonyesha tatizo, ndiyo maana watu huligundua baadaye kwenye majina kama José, alama za £ na nukuu zilizopinda. Fungua faili kwa kihariri cha maandishi, iambie kwamba ni Windows-1252, uhakikishe zinasomeka sawasawa, ndipo uihifadhi kama UTF-8. Mpangilio huo ni muhimu: ukiibadilisha kabla haijasomeka vizuri unazidi kuivuruga.

Kalenda: kwa nini miadi imesogea saa tatu, na siku za kuzaliwa zimesogea siku moja?

Kalenda ya zamani ya Palm haikujua ukanda wa saa. Miadi ya saa 3 asubuhi ilikuwa ya saa 3 asubuhi popote ulipo. Kalenda za leo lazima zijue saa hiyo ni ya wapi, na faili isiposema hukisia, mara nyingi kwa ukanda uliowekwa kwenye kalenda inayopokea. Kwa hiyo kabla ya kuingiza weka ukanda wa kalenda hiyo uwe wa mahali miadi ilipofanyika.

Siku za kuzaliwa husogea pale programu ya kugeuza inapoandika tukio lisilo na saa kama saa sita usiku ya ukanda fulani. Simu ikisogeza saa chache nyuma, tarehe inakuwa ya jana. Fungua .ics kwa kihariri utazame mstari wa DTSTART. Tukio la siku nzima linapaswa kuwa na VALUE=DATE na tarehe pekee yenye tarakimu nane. Ukiona T000000Z mwishoni, mkosaji umempata.

Palm Desktop hutoa .vcs, ambayo ni vCalendar ya zamani. Google Calendar hutaka .ics. Outlook 2007 huingiza .vcs na kuweza kuhifadhi kalenda kama .ics, na J-Pilot hutoa .ics moja kwa moja.

Usipitie CSV kwa kalenda kama unaweza kuepuka. Miadi inayojirudia kila wiki hufika ikiwa ya mara moja, na tarehe kama 03/04 husomwa Machi au Aprili kulingana na mpokeaji. Ukilazimika, tafuta kwenye faili tukio la tarehe 13 au zaidi, ndilo litakuonyesha ni nafasi ipi ya siku na ipi ya mwezi.

Ushauri mmoja ambao ungeokoa vilio vingi: usiingize kwenye kalenda yako kuu. Kwenye Google Calendar tengeneza kalenda mpya, iite Palm, ingiza humo. Ikiharibika unaifuta yote kwa mara moja. Kuingiza hufanyika kwenye kivinjari cha kompyuta tu, na faili isizidi MB 1. Iliyo kubwa igawe kwa miaka.

Nimeingiza, kwenye kompyuta yapo, kwenye simu hayapo.

Kwenye iPhone fungua mipangilio ya Calendar, sehemu ya Sync. Huenda inaleta matukio ya kipindi kifupi cha nyuma tu; badilisha iwe All Events. Na kalenda ya pili ya Google haionekani kwenye programu ya kalenda ya iPhone mpaka uitie alama kwenye ukurasa wa calendar.google.com/calendar/syncselect. Kwenye Android ingia mipangilio ya Google Calendar, gusa jina la kalenda hiyo, washa usawazishaji.

Madokezo na kazi za kufanya?

Madokezo ya Palm ni maandishi matupu na ya zamani hayazidi takriban KB 4 kila moja, hivyo hayana ukorofi. Yatoe kama .txt. Apple Notes kwenye Mac hupokea folda nzima ya faili za maandishi kwa File, Import to Notes. Joplin hupokea pia, na hufanya kazi kwenye Android na iPhone. Google Keep haina mlango wa kuingizia mafaili, kwa hiyo mwenye madokezo mia mbili asiichague.

Kwa kazi za kufanya, jiulize kwanza kama zinastahili kuhamishwa. Orodha ya mwaka 2006 yenye "nunua betri" iache ilipo. Zilizo hai huwa kumi au ishirini, na kuziandika upya kwa mkono ni haraka kuliko kupigana na faili. Ukitaka kuzihamisha zote, Palm ina ngazi tano za umuhimu, Todoist ina nne na hupokea CSV, Google Tasks haina ngazi hizo.

Rekodi zangu za siri na nywila?

Rekodi iliyofichwa kwenye Palm haikufungwa kwa kufuli yoyote ya hesabu. Ni alama tu inayoiambia programu isionyeshe. Yeyote mwenye AddressDB.pdb yako anaweza kuisoma, kwa hiyo zitunze faili ghafi kama unavyotunza nywila zenyewe. Kabla ya kutoa kutoka Palm Desktop, weka Private Records ziwe Show, la sivyo zitabaki nyuma kimya kimya.

Nywila zilizokuwa kwenye SplashID, programu ya kutunzia nywila, zitoe kama CSV. Za Keyring, programu nyingine ya namna hiyo, hufunguliwa na kiongezo cha J-Pilot ukiwa na nenosiri. Ziingize kwenye programu ya leo ya nywila kama KeePassXC au Bitwarden, hakikisha zinafunguka, kisha futa CSV hiyo na pipa la taka. Usijitumie kwa barua pepe.

Picha, vitabu, nyaraka?

Picha ziko kwenye kadi, mara nyingi folda ya DCIM, ni JPEG za kawaida. Vitabu vya .pdb na .prc visivyofungwa na mchapishaji hugeuzwa EPUB na programu ya Calibre. Nyaraka za Documents To Go tafuta zile za asili kwenye kompyuta kabla ya kuhangaika na nakala za Palm.

Mimi nina Pocket PC, si Palm.

Njia safi ni Windows XP, ActiveSync 4.5 (programu ya kusawazisha Pocket PC) na Outlook 2007. Sawazisha, kisha kwenye Outlook toa majina kwa CSV, ambayo Google inaitambua, na kalenda kwa .ics.

Kwenye Windows 10 na 11, Windows Mobile Device Center, mrithi wa ActiveSync, husakinishwa lakini hufa papo hapo. Sababu ni kwamba kuanzia toleo la 1703 Windows hutenganisha huduma zilizokuwa zikiishi pamoja. Fungua Registry Editor, nenda HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services, na ndani ya RapiMgr na WcesComm ongeza DWORD iitwayo SvcHostSplitDisable yenye thamani 1. Kisha kwenye Services fanya zote mbili ziingie kwa Local System Account, uwashe kompyuta upya.

Na Psion?

Tumia programu ya PsiWin 2.3 kwenye Windows ya zamani, au plptools kwenye Linux kwa waya wa siriali. Series 5 ina kadi ya CompactFlash inayosomeka kwenye kisomakadi. Toa nyaraka za Word kama maandishi ukiwa kwenye mashine yenyewe, maana faili zake za asili hazifunguliwi na programu za leo.

Sitaki taarifa zangu zikae kwa Google wala Apple.

Si lazima. Android hukubali .vcf kuingizwa kwenye kumbukumbu ya simu pekee, kupitia mipangilio ya programu ya majina. Ila hapo bekapu ni juu yako. Anayetaka kusawazisha bila wao aweke Radicale au Nextcloud (programu za seva) kwenye kompyuta yake na DAVx5 (programu ya kusawazisha) kwenye Android. iPhone ina njia za kuzungumza na seva hizo, CardDAV na CalDAV, ndani yake tayari.

Nichague simu ipi?

Kwa uhamishaji huu Android na iPhone zote zinafaa. Angalia miaka ya masasisho: Pixel 8 na Galaxy S24 zilianza na ahadi ya miaka saba. Anayeikumbuka kalamu atazame Galaxy S22 Ultra na Ultra zilizofuata, kalamu inakaa ndani ya simu kama ilivyokuwa. Na vitufe vinne vya chini vya Palm vina mrithi: weka wijeti ya kalenda na ya kazi kwenye skrini ya kwanza, usilazimike kufungua programu kuona siku yako.

Kuna programu moja ya Palm nisiyoweza kuiacha.

CloudpilotEmu huendesha Palm OS ndani ya kivinjari, hata kwenye simu, na unaweza kuiwekea .prc na .pdb zako. Itahitaji ROM (nakala ya mfumo wa Palm), ambayo hutolewa kwenye mashine yako mwenyewe. Usiifanye kalenda yako ya kila siku, maana haitakuamsha ikiwa imefungwa.

Nitajuaje kwamba kila kitu kimefika?

Linganisha idadi. Kwenye .vcf hesabu mistari ya BEGIN:VCARD, kwenye .ics hesabu BEGIN:VEVENT, na ulinganishe na idadi inayoonyeshwa na organaiza na simu. Kisha chagua miadi mitatu inayojirudia yenye siku iliyofutwa katikati; hizo ndizo huharibika kwa siri, ile siku iliyofutwa hufufuka. Tembea na vyote viwili kwa wiki mbili, ila andika kwenye simu pekee.

Baadaye organaiza niifanyeje?

Ukiitoa kwa mtu, ifute. Kwa Palm: shikilia kitufe cha kuwasha, bonyeza tundu la reset nyuma kwa pini, achia pini, na nembo ya Palm ikitokea achia kitufe. Utaulizwa kama ufute vyote. Bonyeza kitufe cha juu. Toa memori kadi, kwa sababu ufutaji huo hauigusi. Ukiiweka kabatini, toa betri za AAA. Yenye betri ya lithiamu iliyovimba usiichaji wala kuitoboa, ipeleke panapokusanywa taka za kielektroniki. Folda ya .pdb ibaki kwenye diski mbili. Haizidi ukubwa wa picha chache.